Mshumaa Uliokuwa Bado Unawaka

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kukuandikia bila shikamoo mkono umekataa.

Dirisha la chumba chako sasa halifungwi. Mvua inaingia mpaka kitandani. Mama mdogo alirudi kwake ng'ambo ya mpaka wa Sirari baada ya matanga, akisema Mungu alikupenda zaidi. Niliitikia amina. Wote wanajua ni jiko la mkaa lililokuua. Sababu ya ule mshumaa naijua peke yangu.

Ilikuwa Krismasi, nimekuja nyumbani Nyarero kutoka shule ninayofundisha, Machochwe. Ukaniuliza hiyo sayansi ninayowafundisha watoto wa watu ni kitu gani hasa. Nikawasha mshumaa, nikaufunika kwa glasi. Moto ukafifia, ukazima, na nta bado tele. Nikakwambia kilichopungua si nta, ni hewa. Moto nao unapumua. Kisha nikauwasha tena, nikaupuliza, nikapeleka kiberiti kwenye ule moshi mweupe, na moto ukarukia utambi bila kuguswa, kwa sababu kinachowaka ni mvuke wa nta. Hilo la pili ulisema ni uganga. Lile la glasi ulilirudia mara tatu, ukamwita na jirani aje aone.

Ndiyo maana asubuhi ile ya baridi ulinipigia simu ukiwa na furaha. Magoti yanauma, umeingiza jiko chumbani, umefunga dirisha. "Usiwe na wasiwasi, mwalimu. Nimewasha mshumaa hapa mezani. Ukizima tu, nafungua."

Nilicheka, Mama. Kengele ilikuwa imeshagongwa. Nikakwambia wewe ndiye mwanafunzi wangu bora, nikakata simu.

Mchana jirani alipovunja mlango, mshumaa ulikuwa bado unawaka.

Kuna nusu ya somo sikukupa. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu. Haina harufu, haina rangi, na haizimi mshumaa. Nilijua. Niliisoma chuoni, nikaijibu kwenye mtihani, nikapata. Halafu mama yangu ananiambia amefunga dirisha, na mimi nacheka. Huwa nakuona umelala pale ukiutazama ule moto, unaona umesimama vizuri, unaniamini mimi. Hapo ndipo nashindwa kula.

Wiki hii somo lilifika kwenye moto na hewa. Nikafunika mshumaa, ukazima, watoto wakapiga makofi. Nilitoka nje, nikakaa nyuma ya darasa mpaka kipindi kikaisha. Mwalimu mkuu anadhani ni malaria.

Sasa nakuaga, Mama. Nakuahidi kwamba Jumatatu nitarudi mbele ya darasa lile na kuwapa nusu iliyobaki, na kila mtoto atairudia mpaka aweze kumweleza mama yake nyumbani. Sitarajii kupata nafuu. Mama zao watafungua madirisha. Wewe ulikuwa unasubiri mshumaa uzime.

Mwanao,
Rhobi