Gauni la Rangi ya Karafuu Kavu

Mama,

Nakuandikia kwenye daftari la mwanangu Raya, karatasi za katikati, kwa kuwa hizo mtu akizichomoa hazionekani zimepungua. Arubaini yako tumeisoma Ijumaa iliyopita. Watu walikuja wengi, wa hapa Mtambile na wa kwenu Chokocho, na wali haukutosha, ikabidi mwanao Hamad aagize mchele dukani mara mbili. Ungelikuwapo ungelisema, "Aibu gani hino." Kisha ungelicheka.

Chumba chako hatujakigusa. Hamad akipita mlangoni pako huinamisha kichwa na kupunguza mwendo, kama anayepita mbele ya mtu anayesali. Raya bado hujisahau. Juzi katoka skuli akaingia moja kwa moja na daftari mkononi, akaita, "Bibi!" Mara moja tu. Nilikuwa uani nakuna nazi, nikaiweka chini ile nazi.

Lakini sikuchukua kalamu kwa ajili ya hayo. Nina jambo nimelibeba miaka miwili, na wiki hii limenishinda.

Siku ya maziko, ulipokwisha kukafiniwa, Hamad alisimama uani akawaambia watu kwamba kama yupo uliyemkosea, akusamehe. Watu wakaitikia kwa sauti moja, "Tumemsamehe." Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nguo zangu bado zina maji. Nilishiriki kukuosha. Sikutaka, lakini binamu yako Bi Zuwena alinivuta mkono: "Njoo wewe untilie maji. Wewe ndiye macho yake." Nikakutilia maji, kopo baada ya kopo, mpaka ndoo ikaisha. Hakuna aliyeuliza siku ile kama yupo aliyekukosea wewe.

Nilipoolewa na mwanao, unajua, nilikuwa nimeshaachika kwa mume wa mwanzo, na Raya ana miaka minne. Siku ya tano ya ndoa, asubuhi, nilikuwa najitanda kanga nitoke kukuamkia, nikasikia sauti yako jikoni unazungumza na Bi Zuwena. Ulisema, "Wenziwe huoa wari. Wangu mimi kenda kuninunulia ntumba. Na ntumba wenyewe una kiraka."

Kiraka ni Raya, Mama. Alikuwa amelala miguuni pangu wakati ule.

Nilirudi nikakaa kitandani, pembeni ya Hamad aliyelala. Sikulia. Nikatoka baadaye, nikaushika mkono wako nikaubusu, nikasema shikamoo. Na tangu siku ile kila ulichoniambia, kizuri au kibaya, kilikuwa kinalipita lile neno kwanza ndipo kinifikie.

Na cha ajabu ni kwamba Pemba nzima sijamuona mtu anayependa mitumba kama ulivyoipenda wewe. Presha ya macho ilipokuzimia dunia, ukawa huoni ila kivuli cha mtu mlangoni, nilidhani safari zako za soko la Chake zimekwisha. Wapi! Ulimwambia Hamad, "Huyu nkeo kazi yake nini Jumamosi?" Basi ndiyo ikawa kazi yangu. Kila Jumamosi nilikushika mkono tukaingia lile jengo la ghorofa moja nyuma ya soko, chini vyombo vya kontena, juu nguo na mapazia. Ulikuwa unalijua kwa harufu. Ukifika mlangoni unasimama, unavuta pumzi, unasema, "Leo wamefungua robota jipya." Na kweli wamefungua.

Niliyojifunza kwako mle ndani sikujifunza popote. Kikombe ulikigonga kwa ukucha na kukisikiliza. Kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Nguo uliigeuza ndani nje, vidole vikatembea kwenye mishono. "Nguo husomwa kwa ndani," ulikuwa unaniambia. "Kwa nje kila ntu anajua kusoma." Siku moja ulimrudishia muuzaji saa ya ukutani iliyokuwa inatembea vizuri kabisa, ukamwambia haitamaliza mwezi. Alikasirika. Wiki ya tatu tulimkuta ameifungua mapajani anatafuta ubovu wake, na nilipokwambia, ulinibana tu mkono tukapita.

Kitu kimoja tu vidole vyako havikuweza kusoma. Kila ulichokishika ulinigeukia: "Hino rangi gani?" Nami nakwambia. Buluu ya bahari ya mbali. Nyekundu iliyochujuka. Nyeupe ya maziwa yaliyolala. Ulikuwa unafunga macho yale yasiyoona ili uione rangi niliyokupa.

Nadhani pale, kwenye zile rangi tu, ndipo tulipokuwa tunapendana, na mimi sikujua.

Mwaka juzi, mjukuu wa Bi Zuwena alipokaribia kuolewa, ukasema unataka gauni. Ulilijua unalolitaka: la mahameli, refu, rangi ya karafuu kavu, maana ulisema mwanamke mzima akivaa rangi ile hata akinyamaza anaonekana amesema. Tukapanda juu kwa Shaame, yule kijana mpole wa kibanda cha mwisho. Na lilikuwapo, Mama. Hilo hilo, kama aliyelishona alikusikia. Lilikuwa limening'inia ukutani, na pembeni yake lipo jengine la mahameli vilevile, manjano ya kiini cha yai, madoadoa meusi ya chui, na marinda matatu chini.

Asubuhi ya siku ile Raya alikuwa amekumwagia maji kwenye msala, ukamwita kwa ukali. Hukusema kitu kibaya. Ulisema, "Ntoto huyu." Basi. Lakini mimi nilisikia lile neno jengine nyuma yake.

Nikakupa la chui.

Ukaligeuza ndani nje, ukatembeza vidole. "Nguo nzuri," ukasema. "Hino rangi gani?"

Nikasema, "Ya karafuu kavu, Mama."

Shaame alinitazama. Mimi nikatazama chini. Akalikunja, akalitia mfukoni.

Arusini nilikuwa nimekaa mkekani nyuma yako. Ulivua buibui kwa taratibu, kwa raha, kama mtu anayefunua zawadi. Aliyeanza kucheka ni mtoto. Halafu Bi Zuwena, kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona: "Mize, we! Umevaa chui?" Nawe ukacheka, ukidhani ni utani wenu. Ukasema, "Chui wapi! Gauni la karafuu hili. Kanichagulia nke wa Hamad."

Kanichagulia nke wa Hamad. Ulilisema kwa kujifakhiri, Mama. Hapo ndipo Bi Zuwena alipokuinamia sikioni. Niliona mgongo wako unavyobadilika. Uliomba buibui lako, ukalivaa tena, na joto lile lote, watu wamejaa chumba, ukakaa nalo mpaka bibi arusi akatolewa.

Nyumbani Hamad akakuuliza una nini. Ukasema, "Yule muuzaji katubadilishia. Kamwonyesha nkeo nguo moja, katia nyengine mfukoni." Halafu uso wako ukageuka pale nilipokuwa nimesimama; sijui ulijuaje nimesimama wapi. "Si ndivyo, mwanangu?"

Hukuwahi kuniita mwanangu kabla ya siku ile. Nami nikasema, "Ndivyo, Mama."

Jumamosi iliyofuata nilidhani hutataka tena kwenda na mimi. Ulikuwa umeshavaa viatu, umekaa barazani unanisubiri. Tulipofika ukashika kitambaa cha kwanza, ukakinyoosha upande wangu: "Hino rangi gani?" Sauti ileile. Nikakwambia kweli. Na tangu siku ile hata rangi ya uzi sikukudanganya, lakini kwa Shaame sikukupitisha tena. Nilikuwa nakwambia kafunga.

Nilijiwekea kwamba siku ya Idi, siku ambayo kila mtu anamuomba mwenziwe radhi, nitasema. Idi za mwanzo zikanipita; ya mwisho ikafika. Nikapiga magoti mbele yako na nguo mpya, nikasema, "Unisamehe Mama pale nilipokukosea." Watu wote husema hivyo, na wote hujibiwa kwamba wamesamehewa. Wewe uliushika mkono wangu hukuuachia. Ukauliza, "Wapi?"

Nikasema, "Popote, Mama."

Kidole chako gumba kilipita juu ya vidole vyangu, kama kinachosoma mshono. Kisha ukasema, "Haya. Allah atusamehe sote." Ukauachia mkono.

Miezi miwili baada ya hapo, asubuhi unatia udhu, ukaanguka. Kabla ya adhuhuri tukawa hatuna wewe.

Basi Jumamosi hii nimekwenda Chake peke yangu. Sikwenda kununua kitu. Nilipanda juu mpaka kibanda cha mwisho, nikamwambia Shaame kwamba nyumbani kwetu tulimsingizia, kwamba gauni lile nilichagua mimi kwa makusudi, anisamehe. Nilikuwa nimejiandaa anitukane. Akavuta kigoda akanikalisha.

Akaniambia, "Bi Mize alikuja."

Mama, ulikwenda! Wiki ya pili tu baada ya arusi, siku niliyokwenda kumtazama mama yangu mgonjwa, Bi Zuwena kakushika mkono mkapanda ngazi zile. Shaame anayakumbuka maneno yako, na kwa jinsi alivyoyasema najua ni yako. "Nimekusingizia, mwanangu, nisamehe. Hukutubadilishia. Ntoto wangu yule ana uchungu, na uchungu ule nimentia mimi kwa ndomo wangu. Akija usimwambie kama nimekuja. Nataka aniambie mwenyewe, nami nipate pa kumwomba radhi."

Sijui nilikaa kwenye kigoda kile muda gani. Wateja walikuwa wananiruka kupita. Ulikuwa unangoja nifungue mlango ili na wewe uingie, nami nilikuwa nangoja wewe. Ukaenda ukamwambia muuza nguo. Na mimi nimekwenda nikamwambia muuza nguo. Tulilala chini ya bati moja miaka yote ile, Mama.

Jana Hamad aliporudi sala ya laasiri nilimweleza yote, tangu jikoni mpaka kwa Shaame. Nilidhani ataondoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda chako, mara ya kwanza tangu ufe kuingia mle, akatazama mikono yake. Kisha akasema, "Lile neno la ntumba nililisikia na mimi. Nilikuwa macho. Nilijifanya nimelala." Akalia, Mama. Mwanao, mtu mzima, alilia mpaka Raya akaja mlangoni, nikamwita akakaa katikati yetu.

Nimemuuliza mwalimu wetu wa madrasa, mtu akimkosea aliyekwisha kufa hufanya nini. Kasema amuombee dua, amtolee sadaka, amtaje kwa wema, na awatazame aliowapenda. Sasa hayo ndiyo niliyonayo. Kila Alhamisi baada ya magharibi nitakusomea Yasini, na Raya atasoma pamoja nami, ameshaweza. Kesho nitakwenda kwa Bi Zuwena. Nimekuwa nikimkimbia tangu maziko, nikidhani ananidhihaki kwa lile neno la kuwa macho yako, kumbe alikuwa ndiye pekee katika watu wetu aliyejua tumefika wapi mimi na wewe. Amebaki peke yake sasa. Nitamfulia, nitampikia, na nitamsikiliza mpaka achoke.

Na Raya nitamwambia, akishakuwa mkubwa. Sitamficha ulilomwita, wala sitamficha kwamba ulipanda ngazi za watu ukiwa huoni kwa ajili ya mama yake.

Mama, nilikudanganya nikijua. Nilitaka uchekwe, na ulichekwa. Nisamehe. Na mimi lile lako nimekusamehe. Nilikuwa nimeshakusamehe kabla ya Idi ile, ila hilo nalo sikukwambia.

Mola akupanulie ulipolala, akurudishie nuru ya macho yako huko uliko. Karatasi imekwisha, na adhana inaadhiniwa.

Mimi, mwanao,
Salma