Kiganja Kilichoungua

Vitengeni, 11 Machi 1912

Kwa mume wangu Jefwa,

Salamu nyingi, nyingi kuliko mchukuzi wetu Kambi anavyoweza kuzibeba. Mimi mzima, mama yako mzima ila magoti, na mwanetu Garama ameota jino, ananing'ata nalo. Hofu yangu ni wewe. Unalala wapi? Unakula nini?

Nilifika kortini na mtoto mgongoni, nikakuta wamekwisha kukuhukumu. Askari wa mlangoni akaniambia, "Mama, shahidi wa nini tena? Mumeo mwenyewe amekubali." Nikamwambia siku duka la Lakhamshi lilipoungua mume wangu alikuwa Ganze, kwenye matanga ya mjomba wangu, nami nilikuwa naye. Akacheka, wala si kwa ubaya, akanionyesha kivuli nikae.

Nimekasirika mpaka nashindwa kupuliza moto. Wewe, ambaye ukimkanyaga kuku wa jirani unamwomba radhi kuku mwenyewe, ulichoma duka la mtu? Eti kwa sababu mligombana juu ya bei ya mahindi? Nani hajagombana na Lakhamshi? Hata mkewe Chanchalben hugombana naye, tunawasikia. Mbona ulikubali, Jefwa? Walikupiga? Miaka mitatu si mchezo. Kitanda kimekuwa kikubwa ghafla, nalala nimekumbatia shuka lako.

Mkeo,
Mbeyu

Gerezani, Mombasa, 2 Mei 1912

Mama Garama, mke wangu,

Salamu zako nimezipata zote, hakuna iliyodondoka njiani. Mimi sijambo kidogo. Tunapasua mawe, tunalala. Mshukuru sana Kambi, maana barua zetu anazificha ndani ya mzigo wa kuni anazoleta hapa, na wakimkamata yatamkuta makubwa.

Hawakunipiga. Afadhali wangenipiga, ningejua adui yangu ni nani. Kulikuwa na koplo mmoja mpole, sauti yake kama ya mtu wa nyumbani. Alinipa tumbaku. Aliniuliza habari za mama. Nikisinzia tu, ananigusa bega: "Ndugu yangu, hebu tuanze tena." Nikamwambia nililewa tembo la mnazi matangani, nikalala. Akasema, "Basi kama ulilewa utajuaje kwamba hukuondoka? Mtu mwenye hasira hufanya jambo akalisahau."

Kisha akaniambia nikunjue kiganja, akaliona lile kovu. "Hili la nini?" Nikanyamaza. Nadhani nilinyamaza kwa haya, lakini haya ya nini, sikumbuki tena. Akasema, "Mkono umeungua, ndugu yangu." Hakuongeza neno. Nawe unajua mambo ya kwetu: anayekana hupitishiwa shoka la moto kiganjani mbele ya wazee, na anayeungua ndiye mkosa. Lakini anayekubali mapema hutozwa mbuzi, akarudi kwake. Nilikuwa sijalala tangu sijui lini. Nikaona nikubali, nitoe mbuzi, nije kwako. Nikasema ndiyo. Koplo akanikumbatia.

Tangu hapo wamenisimulisha jambo hilo mara nyingi, kwa huyu na kwa yule, na kila mara linanyooka zaidi. Sasa nikifumba macho naliona paa la makuti likiwaka, na mwenye kijinga cha moto mkononi ni mimi. Nadhani kovu ni la siku ile. Nadhani nilifanya, Mbeyu. Nisamehe, na Garama akikua usimfiche.

Mumeo,
Jefwa

Vitengeni, 30 Juni 1912

Baba Garama,

U mzima? Sisi wazima. Leo sikuulizi mengi, keti usome.

Haya ya nini? Haya ya sima yangu, ewe mtu! Nilikuwa ndiyo kwanza nimeolewa. Kule kwa wamisheni Kaloleni tulikosoma wote wawili nilijifunza kuandika jina langu, kusonga sima sikujifunza. Ikaungua. Mama yako huyo anakuja kutoka shambani. Ukaingia jikoni, mwanamume mzima, ukaepua chungu kwa mikono mitupu, ukakimbia nacho nyuma ya nyumba, ukakizika. Ulizika chungu kizima, Jefwa! Kisha ukamwambia mama huna njaa, kumbe huwezi kushika tonge. Tukaahidiana asijue mtu. Mpaka leo mama yako anauliza chungu chake kilipotelea wapi.

Na siku ya matanga nilikaa kando yako alasiri nzima. Nilikufunika uso kwa leso yangu yenye mistari myekundu kwa sababu ya nzi, nawe ukaitia mate. Duka linawaka Vitengeni, wewe unakoroma Ganze. Mimi nilikuwa macho, wewe ulikuwa usingizini. Basi, mambo ya siku hiyo niulize mimi, usimwulize koplo.

Kila uamkapo, tazama kiganja chako, useme: sima. Nami kila nisongapo nitakutaja. Nakutamani, Baba Garama. Natamani hata kukoroma kwako.

Mkeo,
Mbeyu

Gerezani, Mombasa, 19 Januari 1913

Mama Garama,

Salamu, na radhi kwa kimya. Kambi aliugua, sikuwa na mtu mwingine wa kumwamini. Mama hajambo? Jino la Garama limepata wenziwe?

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika mikunjoni. Nilicheka peke yangu kwenye mawe, wenzangu wakadhani nimeingiwa na wazimu. Chungu! Nakumbuka na udongo niliokifukia, ulikuwa mbichi, mvua imetoka kunyesha. Tangu nilipoisoma, moto ule haunijii tena. Nilipotea, Mbeyu, nawe umenirudisha.

Sasa sikiliza. Bwana wa jela amesema kwenye sikukuu ya Mfalme, mwezi wa sita, wachache watasamehewa. Mtu asimame mbele yake, aseme kosa lake kwa kinywa chake, aonyeshe majuto. Mimi nitamwambia sikuchoma. Najua nitabaki. Lakini mkono huu ni wewe uliyenirejeshea, siutoi tena.

Mumeo,
Jefwa

Vitengeni, 8 Machi 1913

Jefwa wangu,

Salamu. Mimi si mzima, leo sitakudanganya.

Mama yako hainuki tena. Kila mtu akipita uani anauliza kama ni wewe. Garama anatembea, na juzi Kambi alipoleta barua yako, mtoto alimkimbilia akamwita baba. Kambi alitazama chini. Mimi niliingia ndani nikalia.

Mwambie bwana ulichoma. Sema duka, sema kijinga cha moto, sema majuto, sema chochote wanachotaka kusikia. Najua mimi ndiye niliyekukumbusha sima, nami ndiye ninayekuomba. Ukweli nitautunza mimi huku, haupotei. Wewe sema kwa ulimi tu, kisha uje. Nimechoka kuwa na mume wa kwenye karatasi.

Mkeo,
Mbeyu

Gerezani, Mombasa, 4 Juni 1913

Mama Garama,

Nimesema. Natoka juma hili, Kambi atanitangulia na barua hii. Mwambie mama anisubiri.

Nilisimama mbele ya bwana nikasimulia yote, sikukwama hata mahali pamoja. Nilitaka niseme kwa ulimi tu, kama ulivyoniagiza. Lakini nilipofika pale paa linapowaka machozi yalinitoka, na hayakuwa ya uongo. Bwana akaridhika sana. Akanipa mkono.

Tangu hapo moto umerudi. Nauona hata sasa ninapoandika. Barua yako ile niliitafuna nikaimeza siku ya upekuzi, kwa hiyo siwezi kuisoma tena. Nakumbuka ilikuwa na chungu. Nakumbuka nilicheka. Mengine yananiponyoka, na ninaogopa, Mbeyu.

Nikifika usinisalimu kwanza. Usiniulize habari za njiani. Nishike mkono huu, uniketishe jikoni karibu na mafiga, unisimulie yote tangu mwanzo. Nisipocheka, nisimulie tena.

Mumeo,
Jefwa