Mtafute kwa Jina la Lutaya

Rugu, Karagwe,
14 Agosti, 1954.

Mpendwa mwanangu Elieza,

Pokea salamu za shangazi yako. U mzima? Unakula? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepona, au unanificha kama ilivyo desturi ya watu wa ukoo wetu? Sisi huku tunaendelea. Ndizi zipo, kahawa imeanza kuiva, na mimi ni magoti tu.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Sikumpa mwalimu aniandikie, maana ukimwambia jambo asubuhi, jioni unalisikia kwenye pombe. Ukishaisoma, ichome.

Baba yako amelazwa. Usishtuke, yu hai. Tangu Pasaka alikuwa anakonda, anakunywa maji bila kukata kiu, na kidonda cha mguu kimekataa kufunga. Mama yako Anatolia na mimi tukamfikisha hospitali ya misheni. Daktari ni Mzungu mgeni, Kiswahili chake bado kinachechemea. Kitu cha kwanza akaomba mkojo. Nikamwuliza wa nini, kwani mkojo wa mtu hauachwi mikononi mwa watu usiowajua. Basi akauchemsha mbele yangu na dawa ya buluu, ikageuka rangi ya tofali. Akasema ni ugonjwa wa sukari. Hilo nililiona kwa macho yangu, sibishi.

Akamchoma sindano. Haukupita muda baba yako akalowa jasho, akatetemeka, akawa anaongea ovyo. Wakamnywesha maji ya sukari, ndipo akarudi kwetu. Nikawauliza, mtu anaumwa sukari, halafu mnamponya kwa sukari? Daktari akaeleza kwamba dawa ilimzidi, kwamba miili hailingani, na kwamba kama aliwahi kuchomwa dawa hiyo mahali pengine, angetaka kujua walimpa kiasi gani na mwili uliipokeaje. Tangu siku hiyo anamchoma kidogo kidogo kwa woga, na kidonda kinapanda. Akiongeza kwa kubahatisha, tunaweza kumzika. Asipoongeza, mguu unaondoka, na pengine yeye mwenyewe.

Mama yako hawezi kufunga mdomo, akasema mumewe aliwahi kulazwa huko huko Kampala uliko wewe, wakati ule alipokuwa akifanya kazi kwenye kahawa ya Waganda. Daktari akaandika barua huko kuomba cheti chake. Si hilo tu, akataka na cheti cha huku kipelekwe Kampala na Bukoba, ati wagonjwa wa sukari ni wachache kila mahali, madaktari wakiweka habari zao pamoja watajua namna ya kuwatibu. Nikamwambia sisi si ng'ombe wa mnadani, kukaguliwa na kila anayepita. Wakati wote huo dresa Placidius, yule mfunga vidonda, alikuwa pale anakunja bendeji polepole mno. Unajua Placidius ni mjomba wa kijana anayemposa dada yako Deodatha. Wakisikia kwetu kuna ugonjwa wa namna hii, posa imekwisha. Sikuipenda ile bendeji hata kidogo.

Jibu la Kampala likaja: baba yako, Kahigi wa Karagwe, hawamjui, hakulazwa kwao kamwe. Nikajua tu. Nikamwambia daktari usoni kwamba wenzake wanaficha, kuna kitu walimfanyia ndugu yangu. Akawa mwekundu, akatoka.

Juzi akaja mtu wa Nyakatuntu kumwona mgonjwa, anaitwa Ndyamukama, walifanya kazi pamoja Uganda. Hakusema Kahigi. Alisimama mlangoni akaita, "Lutaya!" Na baba yako, ambaye mimi nikimwita hujifanya amelala, aligeuza kichwa mara moja.

Nilimtoa mgeni nje kwa adabu, nikarudi kukaa kando ya kitanda. Nikauliza, Lutaya ni nani? Baba yako akatazama ukuta. "Waitu, dada, kule mtu wa Karagwe alikuwa wa kubeba mizigo na kutukanwa. Wenye majina ya Kiganda walipewa kazi ya maana. Nikachukua jina. Nilipougua nikalazwa nalo." Nikamwuliza kwa nini alinyamaza daktari alipokuwa akihangaika. "Ningesemaje mbele ya mke wangu kwamba nilimkana baba?"

Elieza, nilikasirika hata nikashindwa kulia. Nimewashuku Wazungu, nimemshuku Placidius na bendeji zake, kumbe anayeficha amelala mbele yangu anakunywa uji.

Usidhani nimelainika. Nimekubali cheti cha Kampala kije. Cha huku kitaondoka siku daktari atakapofuta jina na kijiji chetu mbele ya macho yangu, na Placidius akiwa nje. Daktari amekubali. Amekubali upesi, na hilo nalo bado nalitafakari.

Sasa kazi ni yako. Daktari amewaandikia upya kwa jina hilo la Lutaya, lakini barua zinachelewa na mguu hausubiri. Wewe uko karibu, nenda hospitali hiyo mwenyewe. Wakikupa nakala, ifunge kwa lakiri, mpe mtu wetu anayekuja huku, asiifungue.

Mama yako na Deodatha wanakusalimu sana. Mama haambiwi habari ya jina, mumewe atamwambia akipata nguvu. Bibi Xaveria wa Kimuli anauliza utaoa lini, mjibu mwenyewe. Mungu akutangulie njiani na akurudishe salama.

Neno moja tu, mwanangu. Ukifika pale usimtaje Kahigi, watakufukuza. Sema unamtafuta Lutaya. Wakikuuliza wewe ni nani wake, usisite, usitazame ukuta kama yeye. Sema ni baba yako.

Akupendaye siku zote,
Shangazi yako,
Kemilembe