Boti ya Kaka Prokopy na Setilaiti ya Jeshi

Kijiji cha Berezovka,
Mto Mezen.
14 Septemba 2012

Mpendwa Dada Glafira,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye matope. U hali gani? Kifua kimepoa, au bado unakohoa na kusingizia hewa ya Sakhalini? Wajukuu je, bado wanakutii? Mimi ni mzima, ila tumbo, ambalo siku hizi huingia mlangoni kabla yangu.

Unisamehe kukawia. Barua hii ilipaswa kuandikwa wiki tatu zilizopita. Kila niliposhika kalamu nilikumbuka kuna kuni za kupasua. Unajua ninavyozichukia kuni, basi pima mwenyewe nilivyokuwa naogopa.

Ni habari za Kaka Prokopy.

Mwezi wa saba tangazo lilibandikwa dukani: jeshi linarusha setilaiti yake ya mawasiliano, watu watoke msituni siku mbili, magamba ya roketi, yale mabati yanayodondoka njiani, yataangukia upande wetu. Tukatoka, tukarudi. Redio ikasema setilaiti imefika juu salama, inaizunguka dunia na inasikika vizuri sana. Simu ya posta yetu imekufa tangu barafu ilipoyeyuka, ndiyo maana unahangaika na mwandiko wangu.

Prokopy akaenda kutafuta gamba la kutengenezea boti, kama kawaida yake. Boti za kijiji kizima zimetoka kwenye magamba hayo, hata ile niliyoizamisha mbele ya wakwe zangu. Unaijua sheria yake: kwanza ananusa. Likinuka mafuta ya taa, anakata. Roketi zinazotumia ile sumu badala ya mafuta ya taa, haziguswi. Safari hii alilikuta gamba kinamasini, akanusa, akasikia samaki waliooza. Nani kwetu angeshtuka? Glovu zake zinanuka samaki, kofia yake inanuka samaki, nami mke wangu Ulyana hulalamika kila siku kwamba nanuka vivyo hivyo. Akakata siku mbili, mikono mitupu. Baadaye ndipo tukaambiwa kwamba sumu yenyewe ndivyo inavyonuka.

Wanajeshi walikuja na mavazi ya mpira kulichukua, wakakuta nusu.

"Nani kaligusa hili?" luteni akauliza.

"Dubu," akasema Prokopy.

"Dubu ana msumeno?"

"Dubu wa huku wana shida, mwanangu. Wanajitafutia."

Luteni alicheka. Kisha akaiona mikono ya Prokopy ilivyobabuka. "Mzee, nenda hospitali leo. Usingoje kesho."

Akangoja mpaka boti ikaisha. Nami sikumsukuma, nilikuwa nimeahidiwa kiti cha mbele.

Huko Arkhangelsk wamesema ini limekwisha. Wakampa vidonge vya maumivu na tiketi ya kurudi nyumbani. Amekuwa wa manjano, anakula vijiko viwili vya supu ya samaki ili Ulyana asiudhike. Boti iko uani, haijawahi kuguswa na maji.

Jana aliniuliza, "Glafira umemwandikia?"

Nikasema, "Ndiyo, tangu siku ile uliporudi kutoka hospitali."

"Atawahi kabla mto haujaganda?"

"Huyo? Atakuja, na atatugombeza sote."

Akatabasamu, akageukia ukutani. Dada, nimemdanganya, na anakungoja.

Nimepiga hesabu. Ndege ya posta huja Alhamisi, ukungu ukiruhusu. Barua wiki tatu mpaka kwako, nawe siku nane njiani. Daktari alimpa mpaka mwisho wa mwezi huu. Kwa hiyo usifunge mizigo. Ningekuandikia siku ileile, ungemkuta. Kosa hilo ni langu, na sikuombi unifariji.

Ulyana anakusalimu, na binti yetu Marfa pia, ndiye anayemkandakanda kaka miguu. Msalimie shemeji Anton na watoto wote.

Ukishaisoma hii, nenda kanisani. Unajua padri hupokea majina ya kuombewa kwenye karatasi mbili, ya wazima na ya marehemu. Andika jina la Prokopy kwenye zote mbili. Itakapokufikia, mimi sitakuwa na njia ya kukuambia ni ipi ya kuchana.

Mungu akushike mkono, dada, na mimi asiniache.

Nakupenda, hata ukinikasirikia,
mdogo wako Zosima.