Chai Ambayo Sikuinywa

Mdogo wangu Chapchap,

Pokea salamu zangu. Natumaini hujambo wewe, shemeji na watoto, na kwamba kazi ya vigae inakwenda vizuri. Huku tunaendelea. Mama ana kikohozi kidogo, lakini sauti ya kunigombeza bado anayo. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu.

Nimesikia umefanywa msimamizi wa mafundi. Hongera. Nafasi hiyo niliitaka mimi, nawe unajua, kwa hiyo sitajifanya nimefurahi. Tulipiga magoti pamoja miaka yote ile kwenye sakafu za watu, magoti yakatuharibikia pamoja, na pamoja tukakubali kufanyiwa majaribio pale hospitali. Leo wewe unachuchumaa na kuinuka upendavyo, mimi nashuka ngazi kinyumenyume.

Wiki iliyopita daktari wa mifupa aliniita. Utafiti wao umekwisha, na sasa kila mtu anaruhusiwa kujua alichowekewa. Unakumbuka alivyotueleza mwanzoni: sponji ndogo hupachikwa kwenye shimo lililolika gotini ili mfupa na gegedu jipya, ule mto wa kati ya mifupa, vipate pa kushika, kisha yenyewe huyeyuka polepole. Wengine wangewekewa sponji iliyoloweshwa dawa ya kuamsha ukuaji, wengine sponji tupu, ili tofauti ionekane. Tulisaini huku tukicheka, wewe ukisema kwa bahati yako utawekewa ya kuoshea vyombo.

Basi, yako ilikuwa na dawa. Yangu ilikuwa tupu. Shimo langu lilijaa kitu laini kama kovu, nacho kikasagika.

Kwanza nilishusha pumzi, maana kwa muda mrefu umekuwa ukiwaambia watu kwamba sikupona kwa uvivu wa mazoezi. Ulimwambia bosi, ukamwambia shemeji, ukamwambia na mama. Nilifika mahali nikaanza kukuamini, nikawa nalikunja goti hadi machozi yananitoka.

Nikamuuliza daktari nani aliyenichagulia tupu. Akasema hakuna aliyechagua. Bahasha zenye kutaja sponji ipi itumike zilipangwa tayari, ikifunguliwa moja kila mgonjwa anapoingia chumba cha upasuaji; siku ile ya kwanza ilikuwa ya dawa, ya pili tupu. Nikamwambia basi kuna kosa, kwa sababu siku ile aliyepangwa kutangulia nilikuwa mimi. Muuguzi aliyekuwa zamu siku hiyo alikuwa pale pale. Akasema anakumbuka vizuri: nilisogezwa nyuma kwa kuwa nilikunywa chai, na mtu haingii kwenye kisu akiwa na kitu tumboni. Nikamwambia sikunywa hata maji. Akasema aliyempa habari hiyo ni ndugu yangu mwenyewe.

Najua hukujua kilichomo ndani ya bahasha. Ulikiogopa kisu, hukuweza kungoja, ukaona heri ningoje mimi. Nami nikakaa kitandani na njaa yangu, nikikuombea utoke salama! Ungeniomba zamu ile ningekupa. Hilo ndilo linalonichoma, kuliko hata goti.

Nimeuliza kama naweza kuwekewa ya dawa sasa. Wamesema hapana. Sponji inahitaji gegedu zima pembeni la kuishikilia, na langu limeshalika lote. Kazi ya kupiga magoti kwangu imekwisha.

Pole yako sihitaji. Nataka umwambie mama kwa mdomo wako, yote, ya chai na ya uvivu. Mimi sitamwambia. Kila asubuhi anaingia chumbani kwangu, ananishika kisigino na kunihimiza nikunje mguu, nami nakunja, kwa sababu anaamini nikijitahidi nitapona. Siku atakapopita mlangoni pangu bila kuingia, nitajua umemwambia.

Msalimie sana shemeji. Wakumbatie watoto kwa niaba yangu. Wao sina neno nao.

Ni mimi,
kaka yako wa tumbo moja.