Maji ya Kiunoni

Mama mpendwa, shikamoo.

Leo Jumamosi nimefika mji wa kale huku Uingereza, kando ya mfereji, wenye soko linalonukia mikate ya moto. Jirani wa Dada Yoselina, ambaye nimekuja kumtembelea Dada, alitualika twende sokoni kwa mashua yake. Dada alipanda. Mimi nilikumbuka ahadi niliyokupa tulipovuka ziwa tukikimbia vita, kwamba sitapanda mashua tena, nikatembea ukingoni.

"Panda, mwoga wee, hata bata wanatupita," Dada alinitania.

Kweli nilifika kwanza, nikawapokea na mikate mkononi.

Nimepima maji kwa fimbo, Mama: yananifika kiunoni tu. Natamani mno kupanda. Mungu akutunze hapo Louisville, siku moja tuje wote, uyapime mwenyewe, kisha uniruhusu.

Mwanao Daudi