Pombe ya Jumamosi

Alhamisi, Kibondo

Hawa Waingereza bado siwaelewi. Jioni nimewasimulia mama na mdogo wangu Neema ile riwaya yao ya zamani ya akina dada ninayoisoma, huku tukichambua maharage. Kumbe huko binti ndiye anayekwenda kwa mume na fedha za kwao. Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Yaani mwanamume analipwa ndiyo aoe?"

Lakini nilipofika pale dada mmoja anapomkataa mchumba mwenye mali, hakucheka tena.

"Alikataa mwenyewe, kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, mama."

"Na pombe ilikuwa imeshanywewa?"

Nikamwambia huko hawana pombe ya posa.

Keshokutwa watu wanatoka Mabamba na pombe ya ndizi, wanakuja kumposa Neema. Kijana ana duka na pikipiki, na ukoo mzima unashangilia. Neema peke yake hasemi kitu, na mimi naogopa kumuuliza. Baba atamuuliza mbele ya wageni kama pombe inywewe, yaani kama amemkubali kijana, naye ataitikia "inywewe", kama walivyoitikia dada zetu wote. Sijawahi kusikia jibu jingine. Nilidhani halipo.

Mama alirudi kwenye ungo wake. Akapepeta kidogo, kisha akasema bila kumtazama Neema:

"Jumamosi baba yako akikuuliza, mwanangu, ujue umeulizwa."

Neema aliacha kuchambua.